Mdomo wa Tamar Sewell

Uso ulipokamilika ukutani, mtaa mzima ulinyamaza, na ndani ya ukimya ule Linwood Pettiford akajua kwamba ameumbuka.

Tangu asubuhi alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mikono mfukoni, akiwatazama mafundi wa Kamati ya michoro ya ukutani wakipaka gundi ubavuni mwa nyumba yake na kubandika kitambaa kimoja baada ya kingine, kama watu wanaotandika shuka juu ya kitanda kilichosimamishwa wima. Alitangulia farasi. Likafuata gari la matunda, kisha mikono ya Tamar iliyoshika hatamu. Yalipobandikwa macho Linwood akatoa mikono mfukoni, maana yalikuwa macho ya marehemu mkewe, Earline. Hilo alilijua na alikuwa amejiandaa nalo. Kitambaa cha mwisho kilikuwa cha mdomo, na huo aliupaka yeye mwenyewe.

Fundi akaukandamiza kwa roli, akashuka. Na pale juu, chini ya macho ya Earline, ukawa mdomo wa Ardith Gaskins.

Haukuwa umefanana tu. Ulikuwa wenyewe. Ulivutika kidogo upande wa kushoto, kama wa mtu anayezuia kicheko kanisani, na juu yake palikuwa na kile kikovu alichokipata utotoni alipoanguka kwenye bembea. Mtu mmoja akakohoa. Watu waliutazama ukuta, wakamgeukia Ardith, mchoraji, aliyesimama kando ya makopo ya rangi, wakarudi ukutani. Ardith akainama kuokota brashi ambayo haikuwa imeanguka.

"Huyo si bibi yangu," mzee Cleophas akasema kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Bibi yangu alikufa hajacheka."

Watu wakaangua kicheko, wengine kwa furaha, wengine kwa kumwonea haya Linwood. Binti yake, Denetra, hakucheka. Aliukazia macho ukuta, akamkazia baba yake, kisha akapanda zile ngazi nyeupe za marumaru mbele ya nyumba, akaingia ndani na kuufunga mlango taratibu. Mlango unaofungwa taratibu unauma kuliko unaobamizwa.

Mambo haya yalianza majira ya baridi, katika ukumbi wa chini wa kanisa. Upande huu wa Baltimore kila ukoo una hadithi yake ya Tamar Sewell, mwanamke aliyepita na farasi na gari la matunda akiimba bei, na mwaka wa ile homa kubwa, wachimba kaburi walipokataa kuwagusa wafu weusi, akashusha machungwa akapakia maiti. Picha yake haipo. Wapiga picha wa zama zile walikuwa na shughuli nyingi. Nenda makumbusho, utakuta picha za farasi wa matajiri, kila farasi na jina lake.

Ardith ndiye aliyeletwa kuendesha warsha. Siku ya kwanza aliwaambia watu kwamba kama Tamar hana uso, basi mtaa utamchangia. Kila mtu alete picha ya mwanamke wake wa nyumbani, achange jicho, achange pua. Linwood alichanga macho ya Earline. Mzee Cleophas, aliyekuwa muuza matunda wa farasi mpaka miguu ilipomgomea, alichanga mdomo wa bibi yake, mwembamba, uliofumbwa kama mkoba. Ardith akaunganisha yote, akachora sura moja kubwa, akaigawa kwenye vitambaa vya mraba vilivyojaa mistari na namba, kila namba na kopo lake la rangi. Kazi ya mtu ni kujaza tu. Sura nzima huioni mpaka siku ya kubandika.

Palikuwa na mwiko mmoja: mtu hapaki kitambaa cha mtu wake. Ardith alisema ukimpaka wako humalizi, utabaki kumrekebisha mpaka kiyama. Ndiyo maana macho ya Earline yalipakwa na mama mmoja wa kwaya, na Linwood akapewa mdomo wa bibi wa mwenzake.

Na Ardith alikaa mbele yake, upande wa pili wa meza.

Linwood alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini mpaka kiuno kilipomkataa. Hakuwa mtu wa maneno, na tangu hospitali ilipomrudisha Earline nyumbani na vidonge vya kiungulia, na kiungulia kile kumbe kilikuwa moyo uliomuua, hata yale machache yalikuwa yamekauka. Ardith alimchokoza. Alimwambia anashika brashi kama mtu aliyemshika nyoka mkia. Alimmegea samaki wake wa kukaanga, yule wa kwenye karatasi na mkate mweupe na pilipili, na alipomwona anatoa miba kwa uangalifu akamuuliza kama anamfanyia samaki upasuaji. Linwood akacheka. Sauti ya kicheko chake mwenyewe ilimshtua, akatazama nyuma kuona nani amecheka.

Kila Jumamosi macho yalimtoka kwenye kitambaa yakaenda kwenye mdomo ule uliovutika kushoto, na mkono ukabaki mezani ukiendelea na kazi bila mwenyewe. Siku moja barafu ilikuwa imeganda njiani. Ardith alimshika kiwiko mpaka kwenye gari lake, na walipofika garini, pasipo na barafu tena, hakuna aliyemwachia mwenzake. Walisimama hivyo. Pumzi zao zilitoka nyeupe zikachanganyika. Linwood alikuwa na neno kooni. Alilimeza, akasema gari la Ardith linahitaji matairi mapya.

Sasa neno lile lilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango.

Alimkuta Denetra jikoni, hajavua koti. Ndoo ya mama yake ilikuwa chini ya sinki, na ndani yake lile jiwe la kusugulia ngazi, limelika katikati kama kijiko. Hakuna aliyelitumia tangu mazishi.

"Baba, ule mdomo ni wa nani?"

"Nilijaza namba tu, mwanangu."

"Namba hazina kovu."

Linwood akavuta kiti, hakukaa. Denetra hakupandisha sauti. Alisema ni yeye aliyemtoa kitandani majira ya baridi yale, akampeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe, akamsukuma mlangoni kama mtoto wa chekechea, ili akae na watu asije akaoza humu ndani peke yake.

"Sikukutuma ukamtafutie Mama mdomo," akasema. "Yale ni macho yake. Yanatazama ngazi alizozisugua mpaka magoti yakaota sugu. Na chini yake umemwekea mwanamke mwingine anacheka."

"Sikujua ninachofanya."

"Hilo ndilo linaloniuma. Ungejua, ningesema ni tamaa, ningekusamehe." Akafuta shavu kwa kiganja, haraka, kwa hasira. "Ufute. Nitakaa pale nje mpaka nione umefutwa. Ukibaki, mimi Jumapili siji tena. Siwezi kupita chini yake na sufuria mkononi nikijifanya sioni."

Linwood alitaka kumwambia kwamba Jumapili ndiyo siku pekee ambayo nyumba hii ina sauti. Alitaka kumwambia mengi. Alisimama tu, mkono kwenye kiti, kama mtu anayengoja kuambiwa akae.

Huko nje wakubwa walikuwa wamekwisha kufika. Bi Haverstock wa Kamati, na skafu yake, alikuwa ameinua simu akiulinganisha ukuta na mchoro uliopitishwa. Kwa sauti ya upole alisema mdomo uliopitishwa ulikuwa umefumba. Wafadhili wanakuja Jumamosi na wamekwisha kuuona mchoro ule. Alitaja neno jamii mara nyingi, na kila alipolitaja alikuwa ameipa jamii mgongo. Mdomo urekebishwe leo, kabla winchi ya kuinulia mafundi haijarudishwa. Akaondoka.

Kamati ileile ilikuwa imemwambia Ardith kwamba kazi yake inakwisha na kitambaa cha mwisho. Wakubwa ndivyo walivyo, mgeni akishamaliza kuwapikia ndipo wanapokumbuka kwamba nyumba ni ndogo. Dada yake alikuwa amemtafutia shule ya kufundisha huko Durham, mji wa mbali kusini, na Jumatatu alitakiwa awe darasani. Gari lake, lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, lilikuwa limejaa maboksi hadi kwenye vioo.

Linwood alimkuta kwenye uwanja mtupu kando ya nyumba, pale ambapo manispaa iliibomoa nyumba ya jirani ikaacha shimo na ahadi. Ardith alikuwa akifunika makopo. Alibakiza moja wazi, rangi ya kahawia, namba ya mdomo uliofumba.

"Wameniambia niufute mimi," akasema bila kumtazama. "Nimekataa. Nimesema atakayeufuta ni aliyeupaka."

"Ardith, naomba radhi. Nimekuaibisha mbele za watu."

"Unadhani nimeuona leo?"

Linwood akageuka kuutazama ukuta.

"Nimeuona siku uliyoumaliza. Ulikwenda kunawa mikono, mimi nikazunguka meza kukagua. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi." Sasa alimtazama, na mdomo ule ulikuwa umenyooka, hauna kicheko. "Ningeweza kuupaka upya siku ileile. Kazi ya nusu saa. Nikakikunja kitambaa mwenyewe, nikakifunga kwa kamba. Nikajiambia, mwanamume aliyenitazama kiasi hiki, Jumamosi ijayo atafungua kinywa. Jumamosi ikaja, ukaniambia habari za matairi."

"Mimi si mtu wa kusema."

"Najua. Na mimi nina umri wa kutosha kujua mwanamume asiyesema anavyomzeesha mtu." Akamkabidhi kopo na brashi. Vidole vyao viligusana, na kwa kitambo hakuna aliyevuta. "Panda. Ukiufuta, nitajua nilikosea kusoma kilichokuwa pale mezani, nitakwenda zangu bila kinyongo. Usipoufuta, shuka uje uniambie. Ukuta haunitoshi, Linwood. Nataka kuambiwa."

"Na binti yangu?"

Ardith akazitazama ngazi. Denetra alikuwa ameketi juu kabisa, mikono magotini, amekaa kama walivyokaa wanawake wa ukoo ule tangu zamani.

"Huyo sina la kumwambia," akasema polepole. "Nimepakwa chini ya macho ya mama yake. Ningekuwa yeye ningekuwa nimekwisha kurusha jiwe."

Dereva wa winchi aliitwa Dwight, kijana mnene mwenye adabu ambaye hakupenda kuharakishwa. Alimfunga Linwood mkanda ndani ya kikapu cha winchi, akapanda kwenye usukani wake na kumwinua. Kikapu kikapita hatamu, kikapita shingo, kikasimama mbele ya uso. Linwood akamwambia kwa ishara amwache kidogo. Dwight akapaza sauti kwamba saa ya chakula imefika na Kamati hairuhusu ipitilizwe, basi mzee apake taratibu na asicheze dansi huko juu. Akazima injini. Akatia ufunguo mfukoni.

Linwood hakumsikiliza. Alikuwa uso kwa uso na Earline.

Kwa karibu hivyo hayakuwa macho tena. Yalikuwa mabaka ya rangi, makubwa kama sinia, nyeusi na kahawia na nyeupe kidogo pembeni. Alijaribu kusema nalo jicho la kulia. Alimwambia anajua alivyozipenda ngazi zake. Alimwambia jikoni pako vilevile, jiwe liko kwenye ndoo. Akangoja. Earline wa kweli angemjibu, tena kwa maneno makali, angemuuliza kama amekula. Rangi haikujibu. Kwa muda wote tangu mazishi alikuwa akiogopa kumkosea mtu ambaye sasa hakuweza hata kumkaripia, na jambo hilo lilimwuma kuliko kifo chenyewe.

Akachovya brashi. Akaipeleka kwenye kikovu.

Mkono uliokuwa umefanya kazi majira yote bila kuombwa, leo ukagoma. Tone la kahawia lilining'inia kwenye ncha ya brashi, likaanguka nje, likapotea. Alijaribu tena. Akajiona, mzee mzima amening'inizwa hewani kama nguo mbele ya mdomo. Ndipo akajua, bila shangwe yoyote, kwamba hawezi. Hata Denetra akihama nchi, hawezi. Na akijua hivyo, alitakiwa ashuke aseme.

"Dwight," akaita.

Winchi ilikuwa kimya. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Aliita tena. Wakati huohuo, mwisho wa mtaa, watu wa manispaa wakawasha mashine ya kuvunjia lami. Shimo la pale barabarani lilikuwepo tangu Earline akiwa hai. Earline aliwapigia simu juu yake hata wakamzoea sauti. Miaka yote hiyo hawakuja, na katika siku zote alizoumba Mungu, leo ndiyo waliyoichagua. Mlio ule uliujaza mtaa kama maji yanavyojaza ndoo. Linwood alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Kule chini Ardith alibeba boksi la mwisho. Aliliweka kwenye buti, akalisukuma kwa goti. Hakutazama juu. Bila shaka alikuwa ameapa kutotazama mpaka kazi iishe, maana ndivyo alivyokuwa, hapendi kumsimamia mtu mgongoni anapopaka. Akafunga buti. Akajifuta mikono kwenye suruali, mmoja, kisha wa pili. Akazunguka kwenda mlango wa dereva.

Linwood akapunga brashi. Akapunga mkono. Mzee Cleophas, kwenye kiti chake, akamwona na kumpungia pia, kwa furaha.

Hakubakiwa na kitu isipokuwa kopo. Hakufikiri. Alilinyanyua kwa mikono miwili na kulitupa mbali na ukuta, kule lisikoweza kurudishwa, ili rangi ya kuufutia mdomo ule isiwepo tena duniani. Alilenga lami. Kiuno kikamsaliti kama kilivyomsaliti bandarini. Kopo likapinda hewani, likapiga kona ya nyumba, likashuka kwenye ngazi za Earline.

Kahawia ikatapakaa juu ya marumaru nyeupe. Ikateremka ngazi ya juu hadi ya kati, ya kati hadi ya chini, bila haraka. Denetra alikuwa amesimama, koti lake limeingia madoa, mikono ameiinua kama mtu aliyeamriwa na polisi. Akatazama ngazi. Akatazama juu, kwa baba yake, kwa kitambo kirefu. Akaingia ndani.

Aliporudi alikuwa na ndoo, na lile jiwe.

Akapiga magoti kwenye ngazi ya juu na kuanza kusugua kama mama yake alivyosugua, kwa mabega, kichwa chini. Linwood akashika ukingo wa kikapu. Kitu alichokwepa kukitazama tangu mazishi sasa alikuwa akikitazama kutoka juu, na hakuwa na namna ya kugeuka, maana nyuma yake palikuwa na yale macho.

Mlango wa gari la Ardith ulikuwa wazi. Yeye alikuwa amesimama kando yake, mkono juu ya paa, na hatimaye alikuwa ameinua uso. Aliuona mdomo haujaguswa. Linwood akaona jinsi alivyouona, jinsi bega lake moja lilivyoshuka kana kwamba limetuliwa mzigo.

"Usiende," Linwood akasema.

Ardith akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Hasikii.

"Usiende. Nakupenda. Nilikupenda kabla ya matairi." Alisema yote, yale aliyoyameza kwenye barafu na yale ambayo hakujua kwamba anayo. Aliyasema mpaka machozi yakamfika kwenye kidevu. Mashine ya manispaa ikayapokea yote, ikayasaga pamoja na lami.

Ardith akangoja kidogo. Kisha akaacha kumtazama. Aliuacha mlango wa gari wazi, akavuka barabara, akasimama chini ya ngazi, mbele ya Denetra. Rangi ilikuwa imemfikia viatu. Denetra hakuacha kusugua. Hakumwambia apige magoti, wala hakumwambia aondoke. Ardith akachutama kwenye ngazi ya chini, mikono mitupu, akasema jambo.

Jiwe likasimama.

Denetra akainua kichwa, akajibu. Ardith akasema tena, kwa muda zaidi, akionyesha kitu kwa mkono wake: labda ukuta, labda gari, labda barabara ya kwenda Durham. Denetra akalitazama jiwe mkononi mwake, akaligeuza, akajibu tena.

Dwight bado alikuwa anakula. Linwood alijiinamia juu ya ukingo mpaka mkanda ukamkata kifua, bega lake limeugusa ule mdomo mkubwa ambao gundi yake ilikuwa haijakauka. Chini kabisa aliiona midomo yao, ya wanawake wawili, ikifunguka na kufumba, ikifunguka na kufumba. Hakusikia hata neno moja.